Sahani Hairudi Tupu

Duniani, kama tulivyosomeshwa skuli, ulioanguka ni upande wa Mashariki. Kichochoroni kwetu Mji Mkongwe ulianguka wa Magharibi, tena siku ya Ijumaa, babu yangu akiwa msikitini.

Alipotoka sala na kupinda kona ya nyumba yetu, alikuta mlango wa jirani yetu wa mbele umetiwa kufuli jipya, na mafundi wawili wameinama wanapima baraza kwa utepe. Babu akawauliza wanapima nini kwenye baraza ya watu. Wakamwambia nyumba imekodishwa, itakuwa hoteli, wenyewe wamehamia Mbweni.

"Wamehama lini?"

"Leo, mzee. Gari ya mwisho imeondoka watu walipokuwa kwenye hotuba."

Babu aliingia ndani, akavua kofia, akaiweka juu ya goti, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Hakula chakula cha mchana. Bibi alidhani ni joto. Jioni hakula tena, na mkate wa asubuhi aliumega, akautazama, akaurudisha kwenye sinia kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

Ili ieleweke kwa nini mzee mzima aache kula kwa sababu adui yake kahama, sina budi kurudi nyuma kidogo.

Babu yangu na jirani yetu walikuwa vijana wakati dunia imegawika pande mbili, na kila upande ukiita vijana wa kwetu ukawasomeshe bure, ili wakirudi warudi na mapenzi. Babu alipelekwa Moscow kusomea ujenzi wa madaraja. Jirani alipelekwa Marekani kusomea taa za barabarani. Wakarudi Unguja: mmoja na cheti cha madaraja katika kisiwa ambacho mito yake haimzuii hata mbuzi, na mwengine na cheti cha taa za barabarani katika mji ambao vichochoro vyake vinapitisha punda mmoja, na punda huyo awe mwembamba. Serikali ikawaweka ofisi moja, meza zinatazamana, wakakaa hivyo mpaka wakastaafu. Nimewahi kumuuliza kila mmoja wao kazi yake hasa ilikuwa nini. Kila mmoja alinijibu kwamba kazi yake ilikuwa kumzuia mwenziwe asiharibu.

Nyumba zao nazo zilitazamana. Kichochoro kati yake ni chembamba hivi kwamba mtu aliyesimama dirisha la juu la nyumba yetu akinyoosha mkono, na wa dirisha la mbele akinyoosha wake, vidole vinagusana. Mtaa uliwapa majina siku nyingi kabla sijazaliwa. Babu akaitwa Mrusi. Jirani akaitwa Mmarekani. Walivaa kanzu zilizoshonwa na fundi mmoja, walisali safu moja, walinunua samaki kwa mchuuzi mmoja pale Darajani, na wote wawili walichukia papa mbichi. Lakini babu alimwita kila mtu "ndugu", hata yule paka mwenye jicho moja, na jirani alimwita kila mtu "bwana", hata yule yule paka.

Hawakuwahi kugombana. Sikuwahi kusikia sauti ya mmoja wao ikipanda juu ya mwengine. Ugomvi ungekuwa vita, na vita vina mwisho, na wao hawakuwa na haja ya mwisho. Walichokuwa nacho ni adabu.

Sisi tumelelewa kwamba ukisalimiwa, itikia kwa salamu iliyo bora zaidi. Ni jambo jema likifanywa na watu wa kawaida. Babu na jirani walilifanyia mashindano. Asubuhi jirani alifungua dirisha akasema asalaam aleikum. Babu aliitikia akaongeza rehema. Jirani akaongeza baraka. Babu akamuuliza hali ya mkewe. Jirani akajibu, akauliza hali ya mke wa babu, na ya watoto, na ya mguu wa babu. Babu akajibu, akauliza ya watoto, ya wajukuu, ya goti la jirani, ya tangi la maji. Nilipokuwa mdogo salamu zilikuwa zimeshafika kwa mashemeji wa Pemba. Nilipoanza chuo walikuwa wanaulizana hali ya watu waliokwisha kufa, na kila mmoja alimjibu mwenzake, "Alhamdulillahi, kapumzika." Mimi nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza kwenye chumba cha juu, nikajizoesha kuanza kazi salamu zikiisha, na kwa ajili hiyo riwaya imechelewa.

Na kulikuwa na sahani.

Kwetu, jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Unaweza kutia sambusa tatu, unaweza kutia ndizi moja, lakini ukirudisha sahani nyeupe inayong'aa umemtukana. Sahani yenyewe ilikuwa ya kaure, nyeupe, mzingo wa buluu, na ufa mwembamba kama unywele uliokuwa haukui wala haupungui. Ilikuwa ya nyumba ya jirani. Hivyo ndivyo nilivyokua nikijua. Ilikuja kwetu na kitu, tukairudisha na kitu, ikaja tena. Haikulala nyumba moja zaidi ya siku mbili. Na kwa kuwa babu hakukubali chakula chetu kiwe duni kuliko kilichokuja, na jirani hakukubali vilevile, na sahani haikui, chakula kikaanza kwenda juu. Ramadhani bibi alijenga minara ya katlesi. Upande wa pili ulijibu kwa sambusa zilizopangwa kama nyumba ya ghorofa, na juu yake nanasi. Kuna futari moja sahani ilipitishwa dirishani na wanawake wawili wakishirikiana, mmoja kashika sahani, mwengine kashika paa la chakula, na chini kichochoroni watu waliokuwa wakipita walisimama kimya.

Wanawake hao ni bibi yangu na mke wa jirani. Wao hawakuwa na upande. Waliazimana chumvi, waliazimana kanga, walicheka madirishani mpaka waume zao wakawaangalia kwa shaka. Siku moja nilimuuliza bibi yeye ni wa Mashariki au Magharibi. Akanambia, "Mie mtu wa jikoni."

Kila kitu kingine kiligawika. Babu alipotia antena juu ya paa, jirani alitia ndefu zaidi. Babu akaongeza bomba. Jirani akaongeza bomba na waya. Zikaendelea kurefuka mpaka siku ya upepo zilipoinamiana juu ya kichochoro zikashikana, na tangu siku hiyo nyumba zote mbili zikawa zinapata stesheni moja tu, ya Uarabuni, ya mwanamme anayefundisha kupika wali. Walimtazama muda mrefu, kila mmoja nyumbani kwake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupanda juu kuzitenganisha.

Mwaka mmoja mtaa ulikodi gari kwenda Jozani kutembea. Tukasimama chini ya miti na mtembezaji wa msituni, kijana mpole mwenye buti, na juu ya tawi wamekaa kima punju wanachambuana manyoya.

"Unaona?" babu akasema, bila kumtazama mtu. "Hapo hakuna tajiri. Huyu anamchambua huyu, huyu anamchambua yule."

"Na yule aliyekaa juu peke yake?" jirani naye akasema, akiutazama mti. "Anakula jani changa, kwenye jua. Yule kafanya juhudi."

"Yule kafukuzwa na wenziwe kwa ubinafsi."

"Yule kajitegemea, bwana."

"Kafukuzwa, ndugu."

Mtembezaji akakohoa. "Wazee wangu, yule ana mimba. Anapumzika."

Walimshukuru kwa adabu sana. Njia nzima ya kurudi mjini kila mmoja alieleza watu wa siti yake kwamba kijana yule kanunuliwa na upande wa pili.

Basi hao ndio walioachana siku ya Ijumaa.

Jioni yake habari ilifika kwenye kahawa. Babu alishuka kwenda kukaa, kwa mazoea tu, na watu wakasimama kumpokea kama bwana harusi.

"Mrusi, hongera. Umeshinda."

"Yakhe, kakimbia Mmarekani. Kakimbia na makabati."

"Sasa kichochoro chote chako, mzee. Utatawala mpaka kwa muuza maji."

Babu alitikisa kichwa, akanywa kikombe kimoja, akarudi nyumbani. Asubuhi alifungua dirisha kwa saa yake. Mbele yake alikuwapo fundi anagonga ukuta, redio kiunoni. Babu akamsalimia. Fundi akainua nyundo kidogo, akaendelea kugonga. Babu akafunga dirisha.

Siku zikaenda. Alikunywa chai, alikula biskuti moja kavu akilazimishwa, na mengine yote akasema yamemshibisha kwa macho. Tulimpeleka kwa daktari, daktari akampima akatwambia mzee hana kitu, ana moyo wa kijana. Bibi akaanza kumkunjia kikoi mara mbili kiunoni ili kisimwanguke. Nilikuwa namsikia bibi jikoni akizungumza na sufuria, jambo ambalo hulifanya akiogopa. Mumewe alikuwa anaondoka taratibu, kwa adabu, bila kugombana na mtu, na sisi tumemkalia tunamwangalia.

Siku moja nilimkuta babu amesimama mbele ya kabati la vyombo, mlango uko wazi. Ndani, juu ya sahani zetu za kila siku, imekaa ile yenye mzingo wa buluu.

"Ilikuja Alkhamisi," akasema. "Na mkate wa kumimina. Mkate mzuri. Nkaula, nkafurahi, nkasema Jumamosi tutawajibu kwa pweza." Akafunga kabati, akalifungua tena. "Kumbe alijua. Alijua Ijumaa anahama. Kanipiga la mwisho, kisha kakimbia."

"Babu, labda ni sahani tu."

"Hakuna sahani tu. Mtu kaacha chombo chake nyumbani kwangu, nami sikumrudishia. Kila nkinyoosha mkono kwenye chakula naona nakula juu ya haki ya mtu. Haipiti hapa." Akajigusa kooni.

"Basi tuirudishe. Mbweni si mbali."

Alinitazama kwa huruma, kama ninavyotazamwa na wazee nikiwaeleza habari ya riwaya. "Na nini ndani yake?"

Hilo lilikuwa swali, na lilichukua muda. Tulilijadili watu watatu, babu kitini, mimi mkekani, bibi akiingia na kutoka na mikono ya unga. Biriani? Babu akasema biriani ni kumpongeza kwa kuhama. Halua? Halua ni ya harusi na maziko, atadhani tumemzika. Pweza wa nazi? Pweza ndiye aliyekuwa jibu la Jumamosi, na Jumamosi imeshapita, atajua kwamba tulipanga tukashindwa. Bibi akasema ndizi mbivu za nazi, kwa kuwa Mmarekani anazipenda tangu zamani.

"Huko ni kusalimu amri," babu akasema.

"Basi mpelekee mawe," bibi akasema, akatoka.

Mwisho babu mwenyewe ndiye aliyepata ufumbuzi. Aliinua kidole. "Vitumbua."

"Kwa nini vitumbua, babu?"

"Kitumbua mviringo. Hakina mashariki wala hakina magharibi."

Bibi alivipika. Babu alisimama mlangoni mwa jiko, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akahakikisha vyote viko sawa kwa ukubwa, visije vikaonekana vingine vimependelewa. Sahani ikatiwa kikapuni, ikafunikwa kwa kawa la ukili, na leso ikafungwa juu ya kawa. Babu akaniamrisha maneno ya kusema: kwamba sahani yako hii, usidhani tumeinyamazia, na asalaam aleikum, na rehema, na baraka, na hali ya goti. Nisiongeze langu.

Nilichukua bodaboda kutoka Darajani. Kijana wa bodaboda akautazama mzigo mapajani mwangu.

"Dada, bomu hilo?"

"Vitumbua."

"Afadhali bomu. Bomu halimwagiki."

Akaenda polepole mpaka Mbweni, akikwepa kila shimo kana kwamba kabeba bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe ana hiliki.

Nyumba ya Mbweni ni ya binti yao, mpya, ina vigae vinavyong'aa na geti la chuma. Kila nyumba pale imezungukwa na ukuta mrefu, na juu ya ukuta pana vipande vya chupa. Jirani yetu alikuwa amekaa ukumbini kwenye kiti cha plastiki, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, uso umeelekea ukuta. Mbele ya ukuta hapakuwa na kitu. Alikuwa amepungua. Shingo yake ilikuwa imekaa ndani ya kola ya kanzu kama kijiti ndani ya kikombe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akaona kikapu. Mikono yake ikashika kiti. "Mrusi kafa?"

"Hajafa."

Akatoa pumzi ndefu, kisha akajinyoosha. "Sikuuliza kwa kutaka. Nimeona umekuja na kitu kimefunikwa leso, nkasema pengine hitma."

Nikampa salamu za babu, zote, mpaka goti. Alizipokea amefumba macho. Niliposema rehema midomo yake ikatikisika, niliposema baraka akaitikia kwa sauti, na tulipofika kwenye goti akaanza kujibu, na akajibu, akauliza ya mguu wa babu, na ya tangi letu la maji, na ya shemeji yetu wa Pemba, na ya marehemu. Ilituchukua muda. Alipomaliza mashavu yalikuwa yamepata rangi.

"Hapa," akanambia, akionesha geti kwa kidevu, "nkitoka asubuhi namwambia yule kijana mlinzi, asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Unajua ananijibu nini?"

"Anakujibu nini?"

"Freshi." Akaniacha nilifikirie. "Sasa mwanangu, wewe msomi. Freshi utaijibu kwa lipi lililo bora kuliko freshi? Sina pa kushika. Nimekaa hapa natazama ukuta. Nyumba ina kila kitu, ina maji mpaka kwenye choo cha wageni. Haina mtu wa mbele."

Nikafungua leso, nikainua kawa. Akaitazama sahani kwanza, kisha vilivyomo.

"Vitumbua."

"Ndiyo."

"Havina upande." Akatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la mtu anayesoma mwandiko anaoujua. "Huyo ni yeye mwenyewe. Mkewe angeleta ndizi." Akachukua kimoja, akala, macho juu. "Hiliki imezidi. Hivi ndivyo wanavyofanya, hawajui kiasi." Akala cha pili, ili kuhakikisha. "Anasemaje, anafurahi? Mtaa wote si wake sasa?"

Niliambiwa nisiongeze langu. Nikaongeza. "Hali, babu."

"Hali nini?"

"Hali chakula. Tangu mlipohama. Anasema hawezi kula na sahani yako iko kabatini mwetu."

Kitumbua cha tatu kikasimama hewani. Niliona mambo mawili yanapita usoni mwake kwa pamoja, fahari na hofu, na sikuweza kujua lipi lilikuwa mbele.

"Sahani yangu?"

"Hii."

"Hii si yangu." Akaigeuza kidogo kutazama ufa. "Hii ni yenu. Miaka yote hii mimi nakurudishieni sahani yenu."

"Babu anasema ni yako."

"Bwana wee, mimi nsijue sahani yangu? Zangu zina maua. Hii ilitoka kwenu, na kila ilipokuja nimeirudisha, na haikurudi tupu hata mara moja, shahidi Mungu. Kama ingekuwa yangu, basi leo imefika kwa mwenyewe. Imefika nyumbani. Tungeitia kabatini, na..."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Chombo kikifika kwa mwenyewe hakina tena safari. Hukaa. Hapana anayedai, hapana anayejibu. Akaiangalia ile sahani yenye ufa, na vitumbua vilivyobaki, na ukuta wenye vipande vya chupa, na nadhani pale ndipo alipoona jinsi mwisho ulivyo karibu.

"Hapana," akasema polepole. "Si yangu. Sijawahi kuimiliki. Mwambie Mrusi hivi, neno kwa neno. Sahani ni yake, na mimi sitaiweka nyumbani kwangu hata kwa siku moja. Aache hila." Akageuka kuelekea ndani. "Mama watoto! Pana nini jikoni?"

Mkewe alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono ndani ya kanga, kama mtu anayengoja basi analolijua saa zake.

"Mkate wa kumimina," akasema.

"Mzima?"

"Mzima. Ndo kwanza umetoka."

"Kata kipande kimoja tukile sisi. Kikubwa. Uliobaki umpelekee. Aone mahali kilipotoka."

Nikamfuata jikoni na sahani. Mkate ulikuwa umeshageuzwa juu ya sinia, ukingo wake wa hudhurungi, harufu ya nazi na hiliki imejaa nyumba. Mchele wa mkate wa kumimina hurowekwa usiku kucha. Nikamtazama. Akawa anaosha sahani, anaipangusa kwa upole, akapitisha kidole juu ya ufa.

"Bibi yako kanipigia simu jana," akasema. "Kanambia babu yako kakubali vitumbua. Nkajua leo utakuja."

"Bibi, hii sahani ya nani?"

Akachungulia ukumbini. Mumewe alikuwa anauambia ukuta, "Eti yangu. Eti yangu!"

"Haina mwenyewe," akanambia kwa sauti ya chini. "Tulinunua sisi wawili, mie na bibi yako, Darajani, tungali mabibi harusi. Hawa walikuwa wamerudi masomoni, wamenuniana, hawasemezani. Na mwanamme akinuna, mkewe naye hatakiwi aonekane dirishani. Tukaona tutakufa kwa upweke kwenye kichochoro chembamba kama kile. Bibi yako akamwambia mumewe, hii sahani yao, lazima turudishe na kitu. Mie nkamwambia wangu, hii sahani yao, lazima turudishe na kitu. Basi." Akaanza kukata mkate. "Yaliyobaki wameyafanya wenyewe."

"Na minara ya katlesi?"

"Hayo yalituponyoka," akakiri. "Hatukujua kama wana nguvu zile." Akanifunikia sahani. "Usije ukasema. Ukisema utapika wewe."

Nimeandika hapa bila hofu. Babu hasomi ninayoyaandika, anasema riwaya ni anasa ya matajiri. Mmarekani naye hasomi, anasema anajua kabisa nimelelewa dirisha gani.

Nilirudi mjini mkate ukiwa mapajani, bado una moto. Babu alikuwa kwenye kiti chake, kikoi kimekunjwa mara mbili. Bibi alisimama nyuma yake, akajifanya anapangusa dirisha. Nilimtolea salamu zote za Mbweni, akazipokea moja moja, na alipoulizwa mguu wake akaunyoosha kidogo, kama ushahidi. Kisha nikamwambia neno kwa neno: sahani si yake, ni yako, na uache hila.

Ukutani kwa mbele fundi akagonga mara moja, akaacha.

"Yangu?" akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Mwongo mkubwa. Zangu mimi nazijua." Lakini sauti yake ilikuwa imepata mfupa. Akanyoosha mkono mwenyewe akainua kawa.

Mkate ulikuwa mviringo, unang'aa, na upande mmoja pana pengo kubwa, limekatwa kwa kisu kikali, bila aibu.

"Kakata," babu akasema.

Akatugeukia mimi na bibi.

"Mmeona? Kakata. Kakata chake kwanza, kisha ndiyo akanipa mimi salio. Hii ndiyo siasa yao. Tangu ofisini nawaambia watu, hawanisikii." Akausogeza mkate karibu, akauzungusha, akapima pengo kwa kidole, kipande kinachopakana nalo akakivunja. "Na lazima kachukua upande ulioiva vizuri. Ngoja." Akatia mdomoni. Akatafuna kwa hasira, kwa makini, na kooni kukapita. Akavunja kingine, kutoka upande wa pili, ili alinganishe. "Sukari haba. Ulioiva ndio aliochukua. Nilijua." Akavunja cha tatu.

Bibi alikuwa bado anapangusa dirisha lile lile, pahala pale pale.

"Kesho kutwa," babu akasema mdomo umejaa, "atapata mzima. Mzima, haukuguswa, nimwone atasemaje. Mkate wa mchele, mkubwa, usiopungua hata chembe. Kuna mchele ndani?"

"Upo," bibi akasema. "Nshauroweka."